Shamba Namba 64

Ndugu mkulima, ukitoka Huruma kwenda mjini Eldoret waona nyumba za kupanga, maduka na pikipiki. Lakini kaa na wazee kidogo, utawasikia wakiuita mji huu "Sisibo". Neno hilo si la Kinandi wala la Kimasai. Ni namba ya shamba, 64, kwa Kiingereza kilichopita katika ndimi zetu.

Kabla ya namba, uwanda wa Uasin Gishu ulikuwa malisho: ya Wasirikwa zamani sana, kisha Wamasai, kisha Wanandi. Mwaka 1905 Koitalel arap Samoei aliuawa, na upinzani wa Wanandi ukavunjika. Mwaka 1908 Makaburu zaidi ya 200, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, walishuka Mombasa, wakapanda treni hadi Nakuru, kisha wakapanda uwanda kwa magari ya maksai. Nchi ikapimwa, kila shamba likapewa namba. Namba 64 lilikuwa na mawe mengi, halikufaa jembe, basi posta ikawekwa hapo mwaka 1910. Jina la Eldoret likaja 1912. Yasimuliwa (mimi sikuwapo!) kwamba sefu ya benki ilianguka kutoka garini, ikashindikana kuinuliwa, wakajenga benki kuizunguka.

Sheria ya mwaka 1915 iliwapa walowezi kukodi ardhi kwa miaka 999. Wafugaji walioondolewa hawakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha. Katiba ya 2010 sasa haimruhusu mgeni kupita miaka 99.

Mwaka 1962 ulianza mpango wa ekari milioni moja, na wananchi wakapewa mashamba kwa mkopo. Wengine walichanga fedha katika makampuni na vyama, wakanunua pamoja. Hapa ndipo penye shida ninayoiona mezani kwangu. Mzee huleta cheti cha hisa kilichochakaa, au risiti ya mkopo, akidhani ndiyo hati ya shamba. Siyo. Mkopo ukiisha, deni lifutwe kwanza kwenye daftari la ardhi. Mwenye hisa naye hana hati mpaka kipande chake kipimwe na jina lake liandikwe. Akifa kabla ya hapo, watoto hukutana kortini.

Tangu tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ni jiji, na wanunuzi wa viwanja wanabisha hodi. Usimkatie mtu kipande kabla ya kupata kibali cha bodi ya ardhi. Na ukija ofisini, njoo na kitambulisho na risiti zote, hata zile zilizoliwa na mchwa pembeni.