Dagaa Mkebeni

Mwalimu mmoja ameniuliza iwapo ni halali mwanafunzi kuandika katika insha kwamba abiria "walibanana kama dagaa mkebeni". Mwenzake hukata alama, yeye hutoa. Nani mwenye haki?

Tashbihi hiyo, kwa maoni yangu, ni ya ng'ambo. Mfaransa Nicolas Appert alichapisha mnamo 1810 mbinu yake ya kuhifadhi vyakula katika vyombo vilivyozibwa, na baadaye viwanda vya Ufaransa vikawa vikipanga samaki wadogo mkebeni, ubavu kwa ubavu, pasibakie upenyo. Dagaa wetu wa Ziwa Victoria, yaani omena, huanikwa juani, kisha hupimwa sokoni kwa gorogoro wakiwa shaghalabaghala. (Gorogoro nalo ni mkebe, atasema mbishi. Naam, lakini hakuna anayewapanga humo.) Walakini tafsiri hii imekwisha kuota mizizi, nami singemnyima mtoto alama kwa ajili yake.

Linalonikera ni kusahauliwa kwa vitenzi vyetu. Tuna songamana, litokanalo na songa, kama vile shikamana litokanavyo na shika. Tuna shonana: watu wamekuwa vipande vya nguo vilivyopitishwa uzi mmoja. Tuna sheheni, tulilolipata kwa Waarabu. Shehena ni mzigo wa chombo. Aandikaye kuwa matatu ilisheheni abiria amewageuza marobota, na ndivyo walivyotendewa miaka mingi kabla ya kanuni za 2004 kumtaka kila abiria awe na kiti na mkanda.

Uteuzi wa kitenzi si pambo tu. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka shuleni, na aghalabu tuliambiwa kuwa madarasa "yamefurika". Kufurika ni kazi ya maji. Mto haumwombi mtu ruhusa, wala haulaumiwi. Lakini watoto wale waliitwa, ila vyumba na madawati havikuongezwa kwa kadiri ya wito wenyewe. Sasa mfikirie mwanafunzi aandikaye, "Tulishindiliwa darasani." Kushindilia ni kukandamiza kitu kwa nguvu kiingie, kama pamba guniani au baruti mtutuni. Kauli ya kutendwa inamlazimu msomaji aulize ni nani aliyeshindilia.

Huyo ningempa alama zote.