Lenzi Fupi ya Kijana wa Jinja

Wewe mwenye kamera, vaa mkanda shingoni kwanza. Haya, sasa nianze.

Kijana mmoja wa Jinja alinunua kamera iliyokwishatumika, haina lenzi. Dukani akaonyeshwa lenzi mbili. Moja fupi, nyepesi, ya plastiki, imeandikwa 18-55. Ya pili ndefu, 55-250, bei juu. Akaitamani ndefu. Nani asingeitamani? Ukitembea nayo mjini watu wanakupisha.

Jirani yake, mpiga picha wa harusi, akaomba waazimwe zote mbili kidogo, akampeleka kwa muuza roleksi. Si saa, wanangu. Ni chapati iliyoviringishiwa mayai. "Kijana, nipigie kibanda hiki."

Kwa lenzi ndefu alipata uso tu. Akarudi nyuma, akarudi tena, mpaka akajikuta katikati ya barabara, bodaboda zikimpigia honi. Kwa lenzi fupi, kwenye 18, alisimama pale alipoanzia: muuzaji, kikaango, trei ya mayai, mteja mwenye njaa, wote ndani. Akasogea, akazungusha pete hadi 55: mikono miwili inakunja chapati, mvuke unapanda. Namba hizo ni milimita. Namba ndogo huona pana, kubwa huvuta karibu.

Wakarudi dukani kuichukua ile fupi. Kabla ya kulipa, jirani akawasha tochi ya simu akamulika ndani ya kioo chake. Nyuzi nyembamba kama za buibui! "Vumbi hilo," akasema mwenye duka, akafuta. Nyuzi zikabaki. Ilikuwa kuvu, nayo huota kwa ndani lenzi ikikaa penye unyevu. Wakaomba nyingine ya aina ileile, safi.

Agosti ikafika, mwaka unaogawanyika kwa mbili, ndio mwaka wa imbalu, tohara ya Wagisu. Kijana akapanda basi hadi Mbale, akaenda Mutoto kwenye sherehe hiyo. Jioni, ngoma za kadodi zinalia, akavuta hadi 55 akapiga. Miguu ya wachezaji ikatoka kama moshi.

Lenzi ile ina namba nyingine: 3.5-5.6. Hiyo ni habari ya mwanga, nayo ni kaidi: namba ikikua, mwanga unapungua. Kwenye 18 lenzi hufika 3.5, kwenye 55 huishia 5.6, na mwanga unaoingia haufiki hata nusu ya ule wa kwanza. Kamera ikabaki wazi muda mrefu kuutafuta. Lenzi ile ina kitulizaji ndani, lakini hicho hutuliza mkono wako unaotetemeka, si mguu wa mtu anayecheza. Basi akarudi 18, akajipenyeza karibu na ngoma, na vumbi lenyewe likaonekana punje kwa punje.

Asubuhi, toka mjini, 55 ilitosha kuuleta ukingo wa Wanale na maporomoko yake, uzi mweupe juu ya mwamba.

Ila aliporudi Jinja, mdiria wa chanzo cha Nile, ndege aliyetua tawini ng'ambo, hakufikika. Picha yake anayo mpaka leo: nukta nyeusi na nyeupe, na maji mengi.