Fahamu: Kwaya ambayo viziwi nao huimba

Glavu nyeupe zinapanda na kushuka kwa pamoja. Ndivyo viziwi wanavyoimba (ndiyo, kuimba) katika Coro de Manos Blancas, yaani Kwaya ya Mikono Myeupe, ya Barquisimeto, Venezuela. Ilizaliwa miaka ya 1990 ndani ya El Sistema, mpango wa muziki ulioasisiwa na José Antonio Abreu mwaka 1975.

Upande mmoja husimama wanaoimba kwa sauti, wakiwemo wasioona na wenye usonji. Upande wa pili viziwi, macho kwa kiongozi anayewapa mapigo kwa ishara. Glavu si pambo: hata wa viti vya nyuma huiona mikono.

Mwaka 2022 walishiriki Fidelio mjini Los Angeles, opera ambayo Beethoven aliitunga huku akipoteza usikivu.