Likizo ya Nyumba ya Magurudumu: Familia na Mbwa Wao Katika Pwani ya Australia

Wapo watu ulimwenguni ambao wakitaka kupumzika hawaiachi nyumba yao. Huivuta nyuma ya gari. Huko Australia nyumba hiyo huitwa karavani. Ni tela lenye vitanda, jiko la gesi, jokofu dogo, meza ya kukunja na mara nyingine hata choo. Familia hulifunga nyuma ya motokaa, hupakia vyakula, maji na nguo, na mwisho wa yote humwita mbwa naye apande. Hapo ndipo furaha ya safari inapoanza, na hapo pia ndipo mashaka yake yanapoanzia.

Kwetu sisi, wengi humjua mbwa kuwa mlinzi wa mlango. Chakula chake ni makombo, na kazi yake ni kubweka usiku. Pengine msomaji atacheka akisikia kwamba mbwa kapelekwa likizo pwani. Lakini tusiharakishe kucheka. Katika safari hii mna swali linalomhusu kila mwenye kufuga, awe Sydney au Sumbawanga: kiumbe asiyeweza kusoma kibao cha onyo, nani atamsomea?

BARABARA IZUNGUKAYO BARA

Australia ina Barabara Kuu Namba Moja, ambayo huizunguka nchi kwa urefu wa kilometa zipatazo 14,500. Hiyo ni zaidi ya mara kumi ya safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Hupita Sydney na Brisbane, hupanda hadi Cairns, huvuka Kaskazini kuelekea Darwin na Broome, kisha huteremka hadi Perth na kurudi Mashariki kupitia Adelaide na Melbourne. Magari huendeshwa upande wa kushoto kama kwetu, na anayesimama ufukoni Broome huitazama Bahari ya Hindi ile ile ipigayo Oysterbay.

Wasafiri wengi wa karavani ni wastaafu, na wenyewe huitwa wahamaji wenye mvi. Kuanzia Juni hadi Agosti, wakati kipupwe kimeshika Kusini, wao hufunga nyumba zao na kulifuata jua Kaskazini kwa majuma au miezi. Miongoni mwao wamo waliofiwa na wenzi wao, na watoto wao wamekwisha kuolewa na kutawanyika. Kwa mtu wa namna hiyo mbwa si pambo. Ndiye wa kuzungumza naye jioni, ndiye amwamshaye asubuhi atembee, na ndiye sababu ya jirani wa kiwanjani kusimama na kusalimu.

Kusini, katika jimbo la Victoria, wengi hupenda kupita Great Ocean Road. Barabara hiyo ya kilometa zipatazo 243 ilijengwa kati ya mwaka 1919 na 1932 na askari waliorejea kutoka Vita Kuu ya Kwanza, ili iwe ukumbusho wa wenzao waliokufa. Waliichimba kwenye majabali kwa sururu na makoleo. Leo watalii huipita wakila vitafunio, mbwa akiwa ametoa pua dirishani.

MALANGO YALIYOFUNGWA

Lakini msafiri mwenye mbwa hugundua mapema kwamba si kila lango liko wazi. Hifadhi za taifa za Australia, kwa jumla, haziruhusu mbwa wa kufugwa. Katika kisiwa cha K'gari, ambacho hadi mwaka 2023 jina lake rasmi lilikuwa Fraser Island, mbwa wa wageni hawaruhusiwi kabisa, maana huko wako dingo, mbwa mwitu wa nchi hiyo, nao hulindwa. Hata fukwe za mijini zina masharti: hapa mbwa afungwe kamba, pale aachiwe kwa saa fulani tu, na kule asikanyage kamwe.

Wako wanaonung'unika. Je, mbwa wangu mpole atamdhuru nani? Jibu liko karibu na mji wa Warrnambool, upande wa Magharibi wa barabara ile tuliyoitaja. Mbele ya mji huo kuna kisiwa kidogo kiitwacho Middle Island, makazi ya pengwini wadogo ambao kimo chao hakifiki nusu mita. Maji yakipwa, mbweha walivuka kwa miguu na kuwaua. Ndege waliokuwa wapata 800 walibaki chini ya 10 mwaka 2005. Mwaka uliofuata wenyeji walijaribu jambo la ajabu: walipeleka mbwa wa aina ya Maremma, waliozoea kulinda mifugo, wakawalinde ndege hao. Mbweha wakakaa mbali, na pengwini wakaongezeka tena hata wakapita mia moja.

Tuone basi, msomaji. Mbwa ni mlinzi bora kuliko mlinzi wa bunduki ikiwa amefundishwa na kuongozwa. Lakini mbwa aliyeachiwa hovyo ufukoni usiku aweza kuangamiza ndege wa miaka mingi kabla ya mapambazuko.

ADUI ASIYEONEKANA

Mbwa naye ana maadui zake. Katika pwani ya Mashariki yuko kupe wa kupoozesha. Akimwuma mbwa, sauti ya kubweka hubadilika, miguu ya nyuma hulegea, kisha pumzi hukata. Dawa ya kuipinga sumu hiyo ipo, lakini sharti mgonjwa afikishwe kwa daktari wa mifugo mapema. Ndiyo maana mwenye busara humpapasa mbwa wake kila jioni, nyuma ya masikio, shingoni na baina ya vidole.

Pili ni sumu iitwayo 1080, ambayo hutegwa ndani ya chambo cha nyama ili kuua mbweha na mbwa mwitu. Vibao vya onyo huwekwa, lakini, kama tulivyosema, mbwa hajui kusoma. Kipande kimoja hutosha kumwua, na dawa ya kumponya haipo. Wenye hadhari humfunga mdomo kwa kifungo maalumu wapitapo sehemu hizo.

Habari ya sumu haijasahauliwa katika bandari ya Dampier, Magharibi. Huko imesimama sanamu ya mbwa aliyejulikana kwa jina la Red Dog, ambaye katika miaka ya 1970 alizurura kutoka mji hadi mji akipewa lifti na wafanyakazi wa migodini. Alipendwa na wote, lakini mwaka 1979 alikufa kwa sumu.

Tatu, Kaskazini, ni mamba wa maji chumvi. Dume aweza kupita meta tano, naye hujificha hata baharini na katika midomo ya mito. Mbwa achezaye ukingoni humwita mamba bila kujua. Wataalamu husema msafiri akae angalau meta tano mbali na maji.

SIKU YA MALLACOOTA

Mtihani mkubwa ulifika asubuhi ya tarehe 31 Desemba, 2019. Mji mdogo wa Mallacoota, Mashariki ya Victoria, ulikuwa umejaa watu wa likizo. Moto wa msituni uliusogelea. Mbingu zikawa nyeusi kama usiku, kisha nyekundu kama kaa. Watu wapatao 4,000, wenyeji na wageni, walikimbilia ukingoni mwa maji. Nyumba nyingi ziliteketea, na barabara ikafungwa. Tarehe 3 Januari, 2020, meli za jeshi la majini ziliwachukua zaidi ya watu 1,000. Magari na karavani havikupakiwa. Mbwa walipakiwa.

Fikiria uamuzi huo, msomaji. Nyumba ya magurudumu, iliyonunuliwa pengine kwa akiba ya miaka, inaachwa nyuma, na kamba ya mbwa inabaki mkononi. Siku kama hiyo ndipo mtu anapojua kilicho mali na kilicho jamaa.

MAMBO YA KUZINGATIA

Wazoefu wa safari hizi hushika kanuni chache, na baadhi zatufaa hata sisi tusio na karavani. Hapana mtu ruhusa kukaa ndani ya karavani likienda, na mbwa naye husafiri garini, amefungwa vizuri. Kamwe haachwi ndani ya gari lililofungwa juani, kwani joto humwua kwa dakika chache. Hawaendeshi alfajiri wala magharibi, maana ndizo saa za kangaruu kuvuka barabara. Maji ya mbwa huhesabiwa pamoja na ya watoto. Na kabla ya kulala popote, huuliza: daktari wa mifugo aliye karibu yuko wapi?

Wahenga walinena kwamba mbwa hafi maji akiona ufuko. Ni kweli, ila ufuko wa siku hizi una kupe, chambo na mamba. Atakayeuona na kuutambua kwa niaba yake ni bwana wake. Basi anayefuga mnyama, akimpeleka likizo au akimwacha mlangoni, na ajue kwamba amekubali kuwa macho mahali pake.