“Nilikulipa Machi!” Jinsi ya Kupekua Taarifa ya Mwaka Mzima kwa Sekunde Chache

Mteja amesimama mbele ya kaunta anaapa alikulipa 1,500 mwezi Machi. Wewe hukumbuki. Meseji ulishafuta kitambo, na taarifa yako ya miamala ya mwaka ina kurasa zaidi ya mia. Utaburuta kidole juu chini mpaka saa ngapi?

Makala ya leo ni ya wenye leptopu, hasa ya Linux, au simu ya Android yenye Termux. Kama huna, mpe kijana anayekusaidia na hesabu. Na usiogope lile dirisha jeusi la kuandika amri. Mimi nilisomea mauzo, si kompyuta, na tunaelewana nalo.

Kifaa cha zamani cha kutafuta maneno ndani ya faili kinaitwa grep. Ken Thompson wa Bell Labs, Marekani, alikitengeneza mwaka 1973, na bado kinafanya kazi. Mwaka 2016 Andrew Gallant akatoa ripgrep, ambayo unaiita kwa herufi mbili tu, rg. Yenyewe huingia folda zote bila kuambiwa, hupaka rangi neno ulilotafuta na kukuonyesha nambari ya mstari. Ni ya haraka sana, lakini kusema kweli, kwa taarifa moja hutaona tofauti. Utaiona ukiwa na folda ya miaka mitano na tili tatu.

Kuna pia bat, inayofungua faili kwa rangi na nambari za mistari pale ambapo wazee wa Unix walitumia cat. Halafu kuna fzf, na hii ndiyo naipenda zaidi. Unaandika vipande vya jina na orodha inajipunguza unapoandika, kwa hivyo hata ukiruka herufi kadhaa za jina la mteja, utamfikia:

fzf < taarifa.txt

Sasa, taarifa tunayokutumia kwa barua pepe ni PDF yenye nywila, na rg haisomi PDF. Igeuze kwanza iwe maandishi kwa pdftotext, iliyo ndani ya kifurushi cha Poppler:

 pdftotext -layout -upw NYWILA taarifa.pdf taarifa.txt

Umeona nafasi moja mwanzoni mwa amri? Si kosa la uchapaji. Dirisha la amri huhifadhi kila unachoandika, nywila ikiwemo. Kwa mipangilio ya kawaida ya Ubuntu, amri inayoanza na nafasi haihifadhiwi.

Najua kuna tovuti zinazogeuza PDF bure. Tafadhali, usizitumie kwa taarifa ya biashara. Utakuwa umepakia majina ya wateja wako na kiasi walicholipa kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhesabu wewe pia kama mtunzaji wa taarifa hizo. Vifaa hivi vinafanya kazi hapo hapo kwako, hata bila bando.

Haya, tafuta:

rg -F "1,500.00" taarifa.txt

Hapa ndipo watu wengi huumia. Wanaandika 1500, hawapati kitu, kisha wanamwambia mteja ni mwongo. Taarifa imeandika 1,500.00 na koma yake, na kwa rg hayo ni maneno mawili tofauti. Hiyo -F inaiambia isome nukta kama nukta, kwa sababu bila hiyo nukta ina maana ya “herufi yoyote”.

Majina yana shida yake. Safu ya maelezo ni nyembamba, kwa hivyo jina refu hukatika, nusu juu na nusu mstari wa chini. Ukitafuta majina mawili kwa pamoja, utakosa. Tafuta jina moja, ongeza -i isijali herufi kubwa na ndogo, na -C 2 ikuonyeshe mistari miwili ya juu na miwili ya chini. Kama mteja bado ana meseji yake, mwombe nambari ya muamala utafute hiyo, maana haifanani na nyingine yoyote.

Mtego wa mwisho ni wa rg yenyewe, grep haina. Ukiiachia folda nzima, huruka faili zilizofichwa na zile zilizoorodheshwa kwenye .gitignore. Kijana wako akiwa anatumia Git, huenda ameorodhesha humo baadhi ya taarifa ili zisipakiwe mtandaoni kwa bahati mbaya. Amefanya vizuri! Lakini rg itazipita kimya huku ikipekua nyingine, na wewe utadhani imemaliza zote. Kabla hujamjibu mteja, rudia hivi, bila kuiruhusu iruke chochote:

rg -uuu -F "1,500.00"

Ikiwa bado hakuna kitu, angalia tarehe za mwanzo na mwisho wa taarifa uliyoomba, na kama alilipia tili nyingine au nambari yako binafsi. Kisha tupigie huduma kwa wateja ukiwa na nambari ya muamala mkononi.

Ukimaliza, futa taarifa.txt. PDF ina nywila, lakini faili hiyo haina, na yeyote atakayeazima leptopu yako anaweza kuifungua.