Kalashnikov: iliundwa ginsi gani, na juu ya nini haizeeki?

Hapa mashariki ya Kongo, hata mtoto ambaye hajaanza shule anaweza kukuonyesha bunduki yenye kisanduku cha risasi kilichopinda kama ndizi, na kukutajia jina lake. Lakini ni nani aliyeiunda? Jeshi gani liliikubali kwanza? Na juu ya nini vita vinaisha, viongozi wanapeana mikono, lakini bunduki yenyewe inabaki? Jibu liko katika namna ilivyotengenezwa.

Shida ilianzia kwenye risasi

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari wengi walibeba bunduki ndefu yenye risasi ya nguvu. Ilifika mbali sana, lakini ilipiga moja moja na ilirudisha bega kwa kishindo. Wengine walikuwa na bunduki fupi ya kumimina risasi haraka. Hiyo ilitumia risasi ndogo ya bastola, na nguvu yake iliishia karibu.

Kumbe mapigano mengi yalifanyika katika umbali usiozidi mita 400. Wajerumani wakatengeneza risasi ya katikati, si kubwa si ndogo, na bunduki ya kuitumia, iliyoitwa StG 44. Warusi nao, tangu 1943, walikuwa wanatayarisha risasi yao ya katikati: milimita 7,62 kwa unene, na ganda la milimita 39 kwa urefu. Ikabaki kupata bunduki yake.

Sajenti wa kifaru

Mikhail Kalashnikov alizaliwa 1919 katika kijiji cha Kurya, eneo la Altai. Hakuwa injinia wa chuo kikuu. Alikuwa sajenti wa kifaru, na mwezi wa kumi 1941 alijeruhiwa karibu na Bryansk. Akiwa hospitalini alisikia askari wenzake wakilalamika juu ya silaha zao, akaanza kuchora.

Bunduki yake ya kwanza ilikataliwa. Lakini katika mashindano yaliyoanza 1946, yeye na wenzake, akiwemo injinia Aleksandr Zaitsev, walikubali kubadilisha karibu kila kitu katikati ya safari. Katika majaribio, bunduki za washindani zilitiwa mchanga na maji machafu. Ya Kalashnikov ikashinda. Mwaka 1949 jeshi la Urusi ya Kisovieti liliipokea rasmi, na kiwanda cha Izhevsk kikawa nyumba yake.

Kupokelewa hakukumaliza kazi. Mwili wa bati la chuma uliharibika mara nyingi kiwandani, kwa hiyo ukabadilishwa, ukachongwa kutoka kipande kizima cha chuma. Ilikuwa imara, lakini kazi ndefu na ya bei. Mwaka 1959 mafundi waliweza kurudia bati. Ndipo ikazaliwa AKM, nyepesi na rahisi kutengeneza kwa wingi.

Ndani yake kuna nini?

Risasi inapopigwa, sehemu ya gesi ya baruti inapita kwenye tundu dogo juu ya mtutu na kusukuma chuma kwa nyuma. Chuma hicho kinatupa ganda tupu, na kikirudi mbele kinaingiza risasi nyingine. Kisanduku kinabeba risasi 30.

Siri yake ni kwamba vyuma vyake vinavyotembea ni vizito na vina nafasi kati yao, havibanani. Mchanga ukiingia, vinaendelea kutembea. Ndani ya mtutu mnapakwa kromu ili kutu isiule haraka. Bunduki zingine zinalenga vizuri kuliko hii, lakini wakubwa wa jeshi walitaka kitu ambacho kijana wa kijijini, aliyefundishwa kwa muda mfupi, angeweza kukitumia katika matope na baridi.

Walipata walichotaka. Na hapo ndipo uchungu wetu unapoanzia: silaha rahisi kwa askari ni rahisi pia kwa asiye askari, hata kwa mtoto.

Ilitoka ginsi gani Urusi?

Miaka ya kwanza ilifichwa. Baadaye Moscow iliwapa marafiki wake ruhusa na michoro. China ilianza kutengeneza ya kwake, Type 56, mwaka 1956, na inchi nyingi za Ulaya ya mashariki zilifungua viwanda vyao. Kwa hiyo Kalashnikov nyingi duniani hazikutoka Urusi. Wataalamu wanakadiria kwamba bunduki za ukoo huu ni kati ya milioni 70 na 100.

Kwetu, wazee wanakumbuka FAL ya Wabelgiji mikononi mwa jeshi. Hiyo ilitumia risasi ile kubwa ya nguvu. Kalashnikov ikaja kujaa kila upande, kwa sababu bunduki iliyofichwa chini ya kitanda baada ya vita moja inaweza kupiga tena katika vita nyingine, miaka 30 baadaye.

Ndiyo maana mikataba ya amani peke yake haitoshi. Tarehe 30 mwezi wa ine 2010, kule Kinshasa, inchi za Afrika ya kati zilipitisha Mkataba wa Kinshasa juu ya silaha ndogo, ulioanza kufanya kazi mwezi wa tatu 2017. Unadai silaha zitiwe alama, ziandikwe, na zile zisizohitajika ziharibiwe. Namba iliyogongwa kwenye chuma inaweza kuonyesha bunduki ilitoka depo gani. Bunduki iliyokatwa vipande haitarudi.

Kalashnikov alikufa mwezi wa kumi na mbili 2013, akiwa na miaka 94. Maisha yake yote alisema kwamba aliunda silaha ya kulinda inchi yake. Lakini karibu na mwisho aliandikia mkuu wa Kanisa la Orthodox barua, akiuliza kama yeye ana hatia kwa watu waliouawa na bunduki yake.

Kwetu swali ni la kila siku. Ukikuta bunduki ao risasi shambani, usiiguse na usiache watoto waisogelee. Weka alama mbali kidogo, kisha julisha viongozi wa mtaa.