Mawese, ini na kolesteroli: nani anaamuru kiasi?

Ndugu wakulima, wamama na wababa wa koperative, katika mikutano yetu swali moja linarudia kila mara: «Mawese yetu yana kolesteroli, tuyaache?» Tujibu moja kwa moja: hapana. Mawese yanatoka kwa mmea, na mmea hauna kolesteroli ya kuhesabu. Tunaipata katika nyama na mayai, lakini sehemu kubwa mwili unaitengeneza wenyewe, hasa ndani ya ini.

Kolesteroli si sumu. Bila hiyo seli haiwezi kujenga ngozi yake. Shida ni kiasi. Kila seli iko kama depo ya mahindi: stoki ikipunguka, mlinzi wa depo anaagiza, ikijaa, anaacha. Mlinzi huyo ni protini inayoitwa SREBP. Stoki ikipunguka, anaamuru mambo mawili: kutengeneza kolesteroli mpya, na kuongeza milango inayoivuta kutoka damu. Wamarekani Michael Brown na Joseph Goldstein ndio walioonyesha kazi ya milango hiyo, wakapata tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Sasa mawese yanaingia wapi? Karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayoganda. Tukiyala mingi, milango ya ini inapunguka, na kolesteroli inabaki kuzunguka katika damu mpaka inashika mishipa.

Kuna njia nyingine. Insulini inaagiza ini kugeuza sukari kuwa mafuta. Kwa mtu mwenye diabeti ya watu wazima, insulini inashindwa kushusha sukari, lakini agizo la kutengeneza mafuta linaendelea. Ndiyo maana ini linaweza kujaa mafuta hata kwa mtu asiyekula mafuta mingi, lakini anayekunywa vinywaji vya sukari kila siku.

Tufanye nini?

- Tusitupe mawese mekundu: yanasaidia macho ya watoto. Tuyapime kwa kijiko, tusimwage kutoka bidoni.
- Tupunguze sukari na pombe, na fufu isizidi mboga kwenye sahani.
- Tupande na kula maharagi. Nyuzi zake zinatoka na nyongo. Ini linatumia kolesteroli kutengeneza nyongo mpya, basi linafungua milango tena.
- Mwenye diabeti asiache dawa; aende kupimwa kwenye kituo cha afya.

Msimu huu, tusiuze maharagi yote sokoni. Tubakishe ya nyumba.